Diski Iliyovishwa Sweta

Siku zile za wodi ya njiti sizikumbuki. Nasema mapema, mtu asije akasoma akitegemea nitamwelezea vitanda na manesi. Nakumbuka joto. Nakumbuka mwanga uliokuwa unachuja kwenye pazia, mweupe kama maji ya kuoshea mchele, na nakumbuka kwamba nilikuwa naweza kulala nimesimama. Mwanangu alizaliwa kabla ya miezi kutimia, mdogo kiasi kwamba pete yangu ingeweza kupita kwenye mkono wake mpaka begani. Tulikaa hospitali wiki sita. Wiki sita hizo ukiniuliza nilikula nini, nani alikuja kutuona, mvua ilinyesha au haikunyesha, nitakutazama tu. Zilipita ndani yangu kama ule usingizi wa mchana ambao unaamka shavu limechorwa mistari ya mkeka na hujui kama ni asubuhi au jioni.

Lakini nilikuwa narekodi. Hilo nalijua kwa sababu video zilikuwepo. Kila siku moja, siku nyingine mbili, kwa simu niliyokuwa nayo wakati ule. Simu ilipojaa nikazihamishia kwenye eksteno, ile diski ya kubebeka yenye ukubwa wa daftari dogo, ambayo mume wangu aliinunua Kariakoo kwa ajili ya kuwekea filamu. Baadaye simu ikaibiwa. Sikulia. Nilijisemea, simu waende nayo, mwanangu yumo kwenye eksteno.

Miaka mitatu sikuzitazama. Kila nikitaka kuzifungua nakumbuka kuna nguo za kuanua, au sufuria inaungua, au nasinzia. Nilijua zimo, ikatosha. Ndivyo nilivyoweka wiki sita za maisha yangu: kwenye boksi jeusi la plastiki, juu ya kabati la TV, pamoja na katuni.

Tunaishi Kinyerezi, nyumba ambayo upande mmoja haijapigwa plasta. Ukikaa uani unasikia mitambo ya gesi inanguruma kwa mbali, ngurumo moja isiyokata, mchana kutwa. Mgeni inamsumbua. Sie tuliozoea inatubembeleza, ikizimwa tu ndiyo tunashtuka. Mume wangu yuko Dodoma kwenye kazi za ujenzi, anarudi mwezi ukiisha. Nyumbani tuko watatu: mie, mwanangu na mama mkwe wangu, aliyekuja wakati wa kujifungua na hakuondoka tena. Ametokea Makete, huko juu ambako asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe kwa baridi na kila mtu anajua kufuma sweta. Mpaka leo hajaamini kwamba Dar ni joto. Anaona ni joto la muda, baridi ipo njiani inakuja.

Na ndiye aliyembeba mwanangu kangaruu. Kwa asiyejua: mtoto njiti anavuliwa nguo, anabaki na nepi na kofia, anawekwa kifuani kwa mtu, ngozi kwa ngozi, mnafungwa pamoja kwa kitenge, na joto la yule mtu ndiyo linamkuza. Tulikuwa tunapokezana, mie na yeye. Ndivyo nilivyokuwa najua.

Sasa siku moja, mwaka huu, aliniuliza zile picha za mtoto za wodini nimeziweka wapi. Nikamwonyesha eksteno. Ilikuwa imechomekwa kwenye TV, mwanangu anaangalia katuni.

"Zimo humu, mama."

Akaishika kwa viganja viwili kama anashika kifaranga. "Inatetemeka."

"Ndani kuna kisahani kinazunguka. Kikisimama ndiyo basi tena."

Zikapita siku kadhaa, nikatoka kuoga nikaikuta eksteno imevaa sweta. La bluu, nyuzi nene, limekunjwa vizuri shingoni, na kwa nyuma ameacha tundu la kupitishia waya. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

"Mama, na hii nayo inasikia baridi?"

"Kilichombeba mtoto hakiachwi uchi," akajibu, na wala hakuwa anatania.

Nikaliacha. Nani nyumbani kwake hajafunika redio kwa kitambaa? Nani hajavalisha rimoti mfuko wa nailoni? Nilikuwa naliona kila nikipita, lile sweta dogo juu ya kabati, na kuna mchana nilikuwa najilaza kwenye kochi, katuni zinaongea, mitambo inanguruma huko, nikiweka mkono juu yake nasikia mtetemo ule wa ndani unapita kwenye sufu mpaka kwenye kiganja. Nilikuwa nasinzia hivyo. Nilikuwa naota nimeshika mgongo wa mtu. Kidato cha nne fizikia nilipata C, sura nzima ya joto niliisoma, na hata siku moja haikunijia akilini kwamba kitu kinachofanya kazi mchana kutwa ndani ya sweta la Makete, Kinyerezi, mwezi wa pili, kitaungua.

Tukagombana Jumamosi asubuhi. Mwanangu alimwaga uji kwenye kapeti nililotoka kulifua, nikamfokea. Nilifoka vibaya, sikatai. Mama mkwe alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Bila kunyanyua kichwa akasema:

"Wewe huyu mtoto ulimkataa toka mwanzo."

"Umesemaje, mama?"

"Ulimkataa. Wodini. Nesi anakuita zamu yako, unasema sitaki. Mie nikabeba peke yangu, wiki ya kwanza, wiki ya pili, kifua kimetoka vipele."

"Mama, mwogope Mungu."

"Namwogopa, ndiyo maana nasema kweli."

Masikio yalipata moto. Mtu anaweza kukwambia hujui kupika, hujui kusalimia, mtoto wa mjini wewe, yote nimeambiwa na nimemeza. Lakini hili halimezeki. Na kilichonitia wazimu zaidi ni kwamba nilitafuta jibu kichwani nikakuta ukungu. Joto, pazia, maji ya mchele. Sikuwa na hata picha moja ya mie nimembeba mwanangu siku zile. Wiki za mwisho ndiyo, nakumbuka uzito wake. Za mwanzo, hakuna. Nikamwambia:

"Video zipo. Nilirekodi kila siku. Tutaona nani alibeba na nani hakubeba."

"Tuone."

Nikaivua eksteno sweta. Harufu ikanipiga, sufu iliyopata moto, kama pasi imesahaulika kwenye yunifomu. Ilikuwa ya moto kama chapati. Nikaichomeka kwenye laptopu: taa haiwaki. Nikageuza waya: haiwaki. Nikaiweka sikioni. Kimya, wala hakitetemeki kitu.

"Umeipika," nikasema. "Mama, umeipika! Umemfunga sweta mpaka akafa! Hivi wewe kila kitu lazima ukifunike?"

"Ningejuaje?"

"Umeua ushahidi wangu!"

Akasimamisha ungo. "Wako? Au wangu?"

Nikamfunga mwanangu mgongoni nikachukua pochi. Yupo fundi mmoja kule Mwenge, aliwahi kututengenezea laptopu. Nafika mlangoni, mama mkwe anavaa viatu.

"Unakwenda wapi?"

"Na mie nakuja. Usije ukarudi na hadithi."

Tukaondoka hivyo. Watu wawili, mtoto mmoja, na eksteno kwenye mfuko wa plastiki imetulia kama samaki.

Kibanda cha fundi kiko nyuma ya wachonga vinyago. Huko mchana una sauti yake: patasi inagonga, inatulia, inagonga, wengi kwa pamoja lakini kila mtu na mwendo wake, mpaka unasikia kama matone ya mvua kwenye majani. Vumbi la mpingo limetua kila mahali. Fundi ni mtu mzima, miwani yake imeungwa gundi pembeni, na kabla hajagusa kitu anapuliza meza kwanza.

"Shikamoo mama. Sista, karibuni. Kuna nini leo?"

"Imeungua," nikasema. "Ilivishwa sweta."

Aliniangalia, akamwangalia mama mkwe, akaona ni heri asiulize. Akaichomeka kwake, akasubiri, akaichomoa.

"Nakwambieni kabisa," akasema. "Eksteno ni kava tu. Watu mnanunua kava. Ndani kuna nini, hata muuzaji hajui. Yale makubwa ya kukaa mezani, yenye umeme wake, ndani unakuta diski nene ya kompyuta kubwa. Haya madogo ni bahati yako. Mengine ndani kuna diski ya laptopu ya kawaida kabisa, imevalishwa kadi ndogo hapa mwishoni ya kupokelea waya. Kadi ikiungua naichomoa, nainyonga naitupa, diski naichomeka kwenye kompyuta yangu, mchezo umekwisha. Ila kuna nyingine wamechomelea tundu la waya kwenye mwili wa diski yenyewe. Hiyo ikiungua imeungua na roho yake. Mie siiwezi, na sijui anayeiweza mjini hapa."

"Na hii ni ipi?" mama mkwe akauliza.

"Mpaka tufungue, mama. Nishafungua moja nikakuta kadi ya memori ya simu, na nati mbili zimegandishwa gundi kuongeza uzito."

"Mungu wangu."

"Ndiyo Kariakoo."

Akachukua ile kadi ya plastiki inayobaki ukishabandua laini ya simu, akaipenyeza kwenye ufa wa kava. Akasukuma taratibu. Likalia *ta*. Akasogea mbele kidogo. *Ta*. Mwanangu mgongoni alikuwa amelala, pumzi yake inanipiga shingoni, na mie nikawa nahesabu vile vilio vya plastiki bila kujua kwa nini. Nilikuwa sitaki afungue. Nilikuwa nataka afungue upesi. Mama mkwe alikuwa amenisogelea mpaka bega lake limegusa langu, na hakuna kati yetu aliyesogea.

Kava likatoka. Fundi akainua kitu kilichokuwemo, akakigeuza juani.

"Haya. Ya laptopu."

"Nzuri au mbaya?" mama mkwe akauliza.

"Nzuri, mama. Kadi hii hapa inachomoka." Akaichomoa kwa kidole gumba, akatuonyesha doa jeusi dogo kama punje ya ufuta. "Iliyoungua ni hii. Ila mzee aliyenunua alipigwa. Kava limeandikwa ukubwa wa juu, diski yenyewe nusu yake, na imetumika. Ona stika, imechakaa. Ilikuwaga kwenye laptopu ya mtu huko, wakaivalisha kava jipya."

Mwanangu miaka mitatu alikuwa amelala ndani ya mtumba. Sikuwa hata na nguvu ya kukasirikia hilo.

Fundi akaichomeka diski kwenye kompyuta yake ikiwa uchi hivyo hivyo. Ikaanza kuzunguka. Niliijua ile sauti. Akaweka sikio.

"Ipo, lakini imechoka. Imepata joto sana. Haya si mambo ya kufunguafungua. Tukopi kwanza, kitu cha muhimu ndiyo kitangulie, maana inaweza kukata muda wowote. Kipi?"

"Folda la wodi," nikasema. "Mengine yote yafe."

Akaanza kukopi, moja baada ya nyingine. Ya kwanza ilipohamia kwenye kompyuta yake akaibonyeza aone kama ni nzima. Kioo chote kikajaa kifua. Kifua kitupu cha mama mkwe wangu, kimelowa jasho, na katikati kofia ya sufu ndogo kama kifuniko cha chupa.

"He! He! Zima!" Mama mkwe aliruka kwenye stuli. Mchonga vinyago mmoja jirani akanyanyua shingo. "Nyie, zima hiyo! Mie mtu mzima!"

Fundi hakucheka. Akageuza kioo kituelekee sie, kikaipa mgongo njia, akasogeza kiti chake akakaa anatazama barabarani.

"Angalieni wenyewe. Mie nitakuwa naangalia magari. Meza msiiguse tu."

Tukatazama. Video zote zilikuwa zilezile. Kofia. Kifua. Shingo ya mama mkwe. Mkono mmoja mdogo wenye ngozi iliyojikunja kama glovu kubwa. Na sauti yangu, kutoka nyuma ya simu, nyembamba, sikuitambua mwanzoni:

"Mama, anapumua?"

"Anapumua."

"Nionyeshe."

Siku ya pili: anapumua? Siku ya tatu. Siku ya tano. Nilikuwa nasubiri ile nitakayojiona. Nikasubiri, na taratibu, kama mtu anayeamshwa kwa kuvutwa shuka, ikanijia: mwenye simu ni mie. Sitaonekana. Hata ningekuwa nimembeba kutwa, hakuna ambaye angenirekodi. Na pale ambapo mama mkwe ndiye amembeba, siku baada ya siku, kifua ni kilekile.

Ikaja ya siku ya tisa. Sauti ya nesi, mbali, inauliza mama wa mtoto yuko wapi, ampokee bibi. Mama mkwe kwenye kioo ananyanyua uso. Amechoka, macho yamezama. Anasema, "Njoo basi, zamu yako."

Na sauti yangu inasema, "Sitaki."

Hivyo tu. Haina kilio, haina maelezo. Kama mtu anakataa chai.

Pale kibandani mama mkwe hakunigeukia. Nilikuwa nangojea aseme nilikwambia. Nilikuwa nimeshajiandaa, nimeshakunja uso. Akaendelea kutazama. Kwenye kioo yeye alikuwa ameegemeza kichwa ukutani na kufumba macho, na video ikaendelea. Sikuzima simu. Mtu aliyesema sitaki alibaki amesimama palepale. Picha ikasogea karibu kidogo. Ikatulia. Ikasogea tena. Mama mkwe wa kwenye kioo alikuwa amelala kabisa, mdomo wazi, na picha inakaribia, inakaribia, mpaka sufu ya kofia ikawa kubwa kama shamba, ikapoteza umbo, ikawa ukungu wa kijani. Nikasikia pumzi zangu mwenyewe za miaka mitatu iliyopita. Halafu picha ikashuka chini. Mguu. Mguu mmoja umechomoka kwenye kitenge, hauzidi kidole. Na kutoka pembeni mwa kioo kikaingia kidole changu cha shahada, nakijua, kina kovu la kisu. Kikasimama hewani. Kikarudi nyuma. Kikaja tena. Kikaugusa unyayo, kikabaki pale.

Kilibaki pale mpaka video ikaisha. Patasi zilikuwa zinagonga huko nje, sikuwa nazisikia tena.

"Kumbe hukuondoka," mama mkwe akasema.

"Sijui. Sikumbuki."

"Mie nilifumba macho kwa hasira. Nikadhani umeenda zako nje." Akasogeza uso karibu na kioo, video imeshaganda, kidole kiko pale. "Kumbe muda wote huo ulikuwa umesimama."

"Lakini nilisema sitaki, mama."

"Ulisema."

"Basi."

Hatukuombana msamaha. Sie si watu wa hivyo, na nilikuwa bado nina hasira naye, na yeye bila shaka na mie. Alijifuta uso kwa ncha ya kitenge akamwita fundi.

"Baba, eti hii video inakatika? Ile ya mwanzo hapo, tunapoongea. Uitoe, ibaki ya mguu."

Fundi akajibu akiwa bado anatazama barabarani. "Kukata ni dakika moja, mama. Nikate?"

"Kata. Mtoto atakua, ataangalia. Ya nini kusikia vile?"

"Usikate," nikasema.

"Wee, acha ubishi. Nakuokoa."

"Usikate, fundi. Chukua zote kama zilivyo. Akikua akiuliza, nitamjibu mwenyewe."

"Utamjibu nini?" mama mkwe akauliza, sasa amenigeukia kabisa.

"Nitamwambia sikutaka, na sikuondoka. Akasirike kama anataka kukasirika. Ana haki."

Mama mkwe akasonya. Fundi akasubiri kidogo aone kama tumemaliza, akapenyeza mkono nyuma ya kioo bila kutazama, akabonyeza iendelee. Diski ikatoa mlio, kama mtu anayesafisha koo. Mstari wa kukopi ukasimama.

"Tulieni," akasema. "Mtu asitikisike."

Mama mkwe akashika ukingo wa stuli. Mie nikabana pumzi, na mwanangu mgongoni, mzito, jasho lake limelowanisha blauzi yangu, akajigeuza shavu upande wa pili akaendelea kulala. Tukakaa hivyo wote, tunasikiliza. Mstari ukasogea.